Msaidie mzee, usimsemee

Maelekezo haya ni ya mtu ambaye kesho atamsindikiza mzazi wake, shangazi yake au jirani yake mzee kwenda hospitali, benki, ofisi ya pensheni au mkutanoni. Nia yako ni njema, hilo silitilii shaka. Mimi nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu. Sasa nimeshavuka sabini, nina kifaa cha kusikia kwenye sikio la kulia, na ni katibu wa kikundi cha wazee. Miaka mingi niliwatazama wasindikizaji nikiwa nimevaa sare. Siku hizi nawatazama nikiwa kwenye kiti cha mgonjwa. Ninachokiona ni kilekile: mzee anaingia mlangoni akiwa mtu mzima mwenye shida yake, na anatoka akiwa mzigo uliojadiliwa na wenzake.

Kazi ya msindikizaji ni kumwezesha mzee kufanya alichoamua. Kumwamulia haimo. Utasema unalijua hilo, na huenda kweli unalijua, lakini ukifika dirishani, foleni ikiwa ndefu na karani akiwa hana subira, mdomo wako utafunguka kabla ya wake. Ndiyo maana matayarisho yanaanzia nyumbani.

Kabla hamjatoka

Zungumzeni jana yake, msingoje gari lifike mlangoni. Muulize mambo matatu. Unataka turudi na nini? Yapi nikusaidie kuyasema na yapi nisiyaguse? Nikae nawe ndani muda wote au kuna mahali nitoke? Swali la pili ndilo watu hulipita haraka, na ndilo lenye uzito. Mzee anaweza kutaka umkumbushe jina la dawa, lakini hataki kabisa umwambie daktari kwamba usiku anajikojolea. Hilo ni lake. Atalisema mwenyewe, au atalisema ukishatoka, au leo hatalisema.

Kisha wekeni ishara. Mimi na binti yangu tuna yetu: nikigusa mkoba wangu, maana yake neno limenipotea, nisaidie. Nisipougusa, ananyamaza hata kama anaona nimekwama. Katika umri huu neno huchelewa kuja, lakini huja, na kichwa kinacholitafuta ni kizima. Anayenimalizia sentensi hunipa neno lake, halafu mimi nabaki na kazi ya kulikanusha.

Vya kubeba: miwani ya kusomea, betri za akiba za kifaa cha kusikia kama anacho, kitambulisho, na dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja. Nikisema zote nina maana ya zote, pamoja na zile za kununua bila cheti, za mitishamba, na kile kidonge alichopewa na rafiki kwa ajili ya usingizi. Usibebe orodha ya kukumbuka kichwani. Beba vyenyewe na maboksi yake. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua saa ya miadi, chagua saa ambayo mzee wako huwa vizuri. Yeye anaijua. Kuna wanaochangamka asubuhi na kuchoka kabisa alasiri, na kuna wanaohitaji asubuhi nzima ili viungo vilegee.

Mbele ya daktari

Anza na viti. Mzee akae kwenye kiti kilicho karibu na daktari, wewe ukae kando na nyuma kidogo, ili daktari akitaka kukutazama alazimike kugeuza shingo. Watu huzungumza na wanayemtazama, na daktari aliyechoka humtazama kijana kwa sababu anadhani atamaliza upesi.

Akikuuliza wewe, "Mama anasumbuliwa na nini?" usijibu. Mgeukie mama. Macho ya daktari yatafuata ya kwako. Yasipofuata, sema kwa adabu: "Atakueleza mwenyewe, daktari." Halafu nyamaza. Kimya hicho kitakutesa, utaona kama dakika nzima imepita, kumbe ni pumzi mbili tatu. Kivumilie.

Kuhusu kuitwa bibi na babu, mimi sikatai. Kinachoniudhi ni kuitwa bibi na mtu aliyeshika faili langu lenye jina langu kwa herufi kubwa juu. Msindikizaji anaweza kulirekebisha hilo bila ugomvi wowote: amtaje mzee kwa jina anapomtambulisha, na wengi wataliokota hapo.

Sasa masikio, maana hapa ndipo wazee wengi hupewa sifa ya kuchanganyikiwa wasiyostahili. Usikivu wa uzeeni hupotea kwanza kwenye sauti nyembamba, zile zinazobeba s, f, t na p. Sauti nene za irabu hubaki. Kwa hiyo mtu akitamka saa, taa, paa au faa, mimi nasikia aa, na lililobaki naliziba kwa kukisia. Ukinipigia kelele unakuza hiyo aa tu, na uso wako unakunjamana kama wa mtu mwenye hasira. Fanya hivi: kaa mbele yangu kwenye mwanga unaoangaza uso wako, siyo dirisha likiwa nyuma yako, sema polepole kidogo kwa sauti yako ya kawaida, nisiposikia, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Zima feni au redio. Mwombe daktari avute barakoa chini kama hakuna hatari ya maambukizi, au aandike neno kuu kwenye karatasi. Macho nayo yana habari yake: mboni hupungua upana na lenzi hupata umanjano, kwa hiyo mwanga unaokutosha wewe haunitoshi mimi. Fomu yenye maandishi ya kijivu juu ya karatasi ya buluu ni njia nyepesi ya kumfanya mtu aliyesoma aonekane hajui kusoma.

Daktari akimaliza maelezo, usiulize "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Sema: "Mama, hebu tuambie tukifika nyumbani tutafanya nini, ili tuwe na habari moja." Akikosea, daktari yupo palepale. Kabla ya upasuaji au kipimo kikubwa, idhini inatoka kwa mgonjwa mwenyewe maadamu anaelewa anachoulizwa. Kuwa mtoto wake wa kwanza hakukupi saini yake. Hata habari mbaya ni yake kwanza. Ndugu wanaomwomba daktari amfiche mzee ugonjwa wake huwa wanajionea huruma wenyewe, na mzee hujua. Nimewaona wakijua. Asiyetaka kuambiwa yupo, lakini hilo nalo aulizwe yeye: "Ungependa kuambiwa kila kitu, au ungependa niambiwe mimi kwa niaba yako?"

Toka nje dakika chache. Sema tu unakwenda chooni. Kuna mambo ambayo mtu hatayataja mbele ya mtoto wake: kukojoa, tendo la ndoa, pombe, kutaka kufa, na anayempiga.

Kwenye dawa, kuwa king'ang'anizi. Figo za mzee huchuja taratibu kuliko zamani, hivyo dozi iliyomfaa akiwa na arobaini inaweza kukaa mwilini muda mrefu mno leo. Akiwa anatumia dawa tano au zaidi, omba zipitiwe moja moja: hii ni ya nini, bado inahitajika, inagongana na ipi? Zitazame kwa jicho kali dawa za usingizi na zile dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi. Hizo huangusha wazee na kuwavuruga akili. Lakini msiache dawa kwa kujiamulia nyumbani. Nyingine zikikatwa ghafla zina madhara yake.

Na ukiambiwa "ni uzee tu," omba jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilipokuwa likiandaa toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, neno uzee lilikuwa limeingizwa humo. Watu wakapinga, likaondolewa. Kama orodha ya dunia haina ugonjwa huo, faili la mzee wako lisiwe nao. Hasa likumbuke hili: mzee aliyekuwa sawa juzi na leo hajui yuko wapi, au anaona watu wasiokuwepo, au amelala tu haamki vizuri, hajazeeka kwa siku mbili. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, amepungukiwa maji, amefunga choo kwa siku nyingi, au kuna dawa mpya. Mkimbize hospitali siku hiyohiyo, na useme wazi: "Hivi si alivyo. Imeanza juzi." Neno lako hapo ni dhahabu, kwa sababu wewe ndiye unayejua alivyokuwa. Ni mahali pamoja ambapo nakuruhusu kumsemea bila kusubiri ishara.

Fedha na saini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazee wengi wanaokuja kwenye kikundi chetu na machozi huja na habari ya fedha, na aliyezichukua huwa anaishi nao nyumba moja.

Pensheni ya mzee ni mshahara alioufanyia kazi. Ikitumika kulipa ada ya mjukuu kwa ridhaa yake, ni sadaka yake na furaha yake. Ikitumika bila yeye kuulizwa, ni wizi, hata kama ada ilikuwa ya kweli na mjukuu alifaulu. Ukitaka kumsaidia na fedha, anza na namba ya siri. Usiijue kama hakuna sababu. Kama vidole vyake vinatetemeka au haoni tarakimu vizuri, simama naye, soma kinachoandikwa kwenye kioo kwa sauti ya chini, abonyeze yeye. Akikutuma wewe kutoa fedha, mrudishie risiti pamoja na fedha mkononi, na uandike kwenye daftari lake: tarehe, kiasi, kazi yake. Daftari hilo linakulinda wewe kuliko yeye. Siku ndugu yako mwingine atakapouliza fedha zilikwenda wapi, hutakuwa na haja ya kuapa.

Karatasi yoyote ya kusaini au kuwekwa dole gumba ipitie njia hii. Isomwe yote kwa sauti, hata yale maandishi madogo. Ilale nyumbani usiku mmoja. Asubuhi, mtu asiyefaidika nayo aulize maswali mawili: nani anapata kitu hapa, na ukibadilisha mawazo unatokaje? Anayesema lazima isainiwe sasa hivi, ofisi zinafungwa, amekwisha kujibu swali la kwanza. Kwa nyumba na ardhi, ongeza mwanasheria, na awe wa mzee, siyo wa mnunuzi wala wa mtoto anayetaka kujenga.

Kuna hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Ni chombo kizuri kikiandikwa mapema, akili ikiwa na nguvu zake, na kikiandikwa kwa mipaka: kazi gani, akaunti gani, mpaka lini. Mzee akitaka, ataje wawili watakaotenda pamoja, au amtaje mtu wa tatu wa kupokea hesabu. Aandike pia kwamba anaweza kuifuta. Hati isiyo na mipaka, iliyoandaliwa na mwenye kupewa mamlaka, na kusainiwa wodini, mimi nimeiona ikifanya kazi moja tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu sita wenye miaka 60 na zaidi wanaoishi kwenye jamii, mmoja ametendewa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja. Kipigo ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Kuna matusi, kunyimwa chakula au dawa, kufungiwa ndani, kunyang'anywa fedha. Dalili za kutazama: bili hazilipwi ilhali fedha zipo, vitu vya thamani havionekani, mzee anamtazama mtu fulani kabla ya kujibu, nguo chafu kwa mtu aliyekuwa nadhifu, michubuko mikononi yenye umbo la vidole, na yule ndugu asiyekubali uachwe peke yako na mzee hata kidogo.

Ukishuku, usimkabili mtuhumiwa. Ukishaondoka, atakayelala naye ndani ni mzee. Tafuta nafasi ya kuwa naye peke yake na uulize bila kuzungukazunguka: "Kuna mtu anayekuogopesha nyumbani?" Akisema ndiyo, mwamini, kisha uliza anataka nini kifanyike. Jibu lake huenda likakuudhi. Wengi wetu hatutaki mtoto wetu afungwe, tunataka aache. Tafuteni kinachowezekana kutoka hapo: kubadilisha namba ya siri, kuhamishia pensheni kwenye akaunti nyingine, ndugu mwingine kuhamia, afisa ustawi wa jamii kuja kutembelea. Pale tu maisha yake yanapokuwa hatarini, au hawezi kabisa kuelewa kinachomtokea, ndipo unakwenda polisi bila kungoja ruhusa yake. Nawe mwambie kwamba unakwenda.

Kumbukumbu ikianza kupungua

Kusahau hakumwondolei mtu haki yote kwa mpigo. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo moja moja, na kwa wakati wake. Mama anayeshindwa kufuata mkataba wa nyumba anaweza kabisa kuamua nani amwogeshe, avae nini, na nani atakayemzika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 12, unasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba wapewe msaada wanaouhitaji ili kuutumia. Shida kubwa ya kumbukumbu inaingia humo.

Msaada wenyewe uko hivi. Chagua saa yake nzuri. Uliza jambo moja kwa wakati. Mpe vitu viwili vya kuchagua, na umwonyeshe kama vinaonyesheka: kanga hii au hii. Subiri. Uliza tena kesho kwa maneno mengine. Jibu likirudi lilelile, una uamuzi mkononi. Asipoweza kusema, mtazame uso na mikono, na uwaulize waliomjua alipenda nini. Hapo swali siyo "mimi ningependa nini kwa ajili yake", ni "yeye angesema nini." Ni maswali tofauti sana, na familia nyingi hugombana kwa kuyachanganya.

Usimjaribu. "Huyu ni nani? Hebu mtaje!" Mbele ya wageni. Sijui nani aliwafundisha watu mchezo huo.

Akitaka kufanya jambo linalokutia hofu

Bwana mmoja wa kikundi chetu alianguka njiani akavunjika mkono. Ulipopona, wanawe wakampiga marufuku kutoka peke yake. Alikuwa na kawaida ya kwenda kucheza bao kwa rafiki yake kila jioni. Ndani ya miezi michache miguu iliisha nguvu, akaacha kula vizuri, na akaanguka tena, safari hii chumbani, mahali salama pale.

Hofu yako ni ya kweli. Lakini mtu mzima ana haki ya kujiingiza kwenye hatari ndogo kwa ajili ya kitu anachokipenda. Wewe unafanya hivyo kila unapopanda pikipiki. Badala ya kukataza, kaeni muichambue ile safari. Anapita wapi, na kuna njia yenye mashimo machache? Viatu vinashika kisigino au ni kandambili? Mkongojo umekatwa kwa urefu wake, kishikio kikifika kwenye kifundo cha mkono akisimama wima? Simu ina chaji na namba yako iko juu? Anarudi kabla ya giza? Anapoamka kitini anatulia kwanza, ili kizunguzungu kipite? Mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu za miguu, siku tatu au zaidi kwa wiki, ndiyo Shirika la Afya Duniani linayoshauri kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika meza ni mwanzo unaotosha. Kwa bwana yule walifanya hivyo, na bao likarudi.

Upweke nao uwe kwenye mizani unapopima hatari. Hauonekani kama mguu uliovunjika, lakini unaua. Simu yako ya kila Jumapili ni nzuri, ila haijazi nafasi ya mtu wa rika lake anayekumbuka anayoyakumbuka yeye.

Mkutanoni

"Penye wazee haliharibiki neno," mwenyekiti husema anapofungua mkutano. Halafu tunapangwa mstari wa mbele kwenye viti vya heshima, tunaombwa tufungue kwa dua, na neno linapitishwa bila sisi kuulizwa. Nimeshafungua mikutano mingi sana kwa dua.

Kama wewe ndiye mwandalizi, haya ndiyo yanayotuleta na kutubakiza. Saa ya mchana. Choo kilicho karibu, kisicho na ngazi, na utuonyeshe kilipo kabla hatujaulizia. Viti vyenye mikono, maana kwenye kiti cha plastiki kisicho na mikono mtu huogopa kusimama kuchangia. Ajenda ifike siku kadhaa kabla, kwa herufi kubwa za wino mweusi. Kipaza sauti kitumike na kila mtu. Yule anayesema "mimi nina sauti, sihitaji" awekewe mkononi hivyohivyo; anajisikia yeye, sisi hatumsikii. Mtu mmoja azungumze kwa wakati. Mapumziko yawepo. Nauli ya anayetoka mbali ifikiriwe mapema, na isitolewe mbele za watu.

Lakini vyote hivyo ni kutuingiza ukumbini tu. Ushiriki unapimwa kwa jambo moja: tulizungumza kabla ya uamuzi au baada yake? Mada yenyewe ipangeni pamoja nasi, na mzunguko wa maoni uanzie kwa wasioongea sana. Muwape wazee kazi zenye funguo ndani yake: mweka hazina, mkaguzi wa hesabu, mjumbe wa kamati ya manunuzi. Cheo cha mlezi ni kizuri kwenye barua, ila mlezi hasaini hundi. Na msituchukulie kama kundi moja. Kati ya mtu wa miaka 60 na wa 95 kuna umri wa mtu mzima kamili, halafu fomu inawaweka wote kwenye kisanduku kimoja cha "60 na zaidi."

Mambo yakihamia kwenye simu na intaneti, achieni mlango mwingine wazi: karatasi, dirisha, mtu wa kuzungumza naye. Anayetaka kujifunza simu, mfundishe simu ikiwa mkononi mwake yeye. Ukiichukua ukabonyeza mara nne haraka na kusema "umeona, rahisi," umejifundisha mwenyewe.

Mlango ukifungwa

Itatokea mzee anyimwe kitu kwa sababu ya umri: mkopo, bima, mafunzo, nafasi kwenye kamati, tiba. Usianze kwa kufoka. Muulize karani, mzee akiwa ndiye anayeuliza kama anaweza: "Ni kanuni ipi iliyoandikwa inayotaja umri huu? Naomba kuiona." Mara nyingi haipo. Ni mazoea tu, na mazoea yakiulizwa nambari ya ukurasa huanza kulegea.

Ikihitajika kuandika malalamiko, ni vizuri kujua mnasimama juu ya nini. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Wazee, 18 kwa jumla, chini ya mafungu matano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na utu. Mle mna haki ya wazee kuunda vyama vyao na kushiriki katika kutunga sera zinazowagusa. Mwaka 2002 serikali zilikubaliana mpango wa utekelezaji kuhusu uzee kule Madrid, Hispania. Nchi za Amerika zina mkataba wao wa mwaka 2015, na Umoja wa Afrika una itifaki ya haki za wazee iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, kwa nchi zilizoiridhia. Mkataba wa dunia nzima haujakuwepo bado. Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kiundwe kikosi kazi cha serikali za nchi mbalimbali cha kuandika rasimu yake. Kanuni za 1991 hazimpeleki mtu mahakamani peke yake, lakini zikitajwa kwenye barua, mkuu wa ofisi huisoma barua hiyo kwa makini zaidi. Chenye meno ni katiba na sheria za nchi yenu, kwa hiyo ulizeni msaada wa kisheria, tume ya haki za binadamu au chama cha wazee kilicho karibu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Tarehe, ofisi, jina au cheo cha aliyehudumia, kilichoombwa, kilichojibiwa kwa maneno yaleyale, mnachotaka sasa, na siku mnayotarajia jibu la maandishi. Iandikwe kwa nafsi ya mzee, "mimi," hata kama mwandishi ni wewe, na umsomee yote kabla hajasaini. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Siku ikifika bila jibu, barua ya pili inaanza kwa kutaja tarehe ya muhuri ule, na nakala yake inakwenda kwa mkubwa wao.